Sauti ya Mwanamke Jukwaani: Tunaipenda, Lakini Je, Tunairuhusu?

Ndugu msomaji, jioni ya Jumapili moja mwandishi wa makala haya alikuwa mgeni katika nyumba moja ya Themi, kata ya jiji la Arusha iliyo na jina moja na mto uteremkao kutoka Mlima Meru. Chai ilikwisha kunywewa, na redio ilikuwa ikiimba taratibu pembeni. Ndipo lilipozuka swali ambalo bila shaka limepata kuzuka hata nyumbani kwako: katika wanawake wote waliopata kuimba jukwaani, ni sauti ya nani iliyo bora kuliko zote?

Bibi wa nyumba ile, mzaliwa wa Pangani aliyekuja Arusha zamani kwa gari la moshi kumfuata mumewe, hakuchelewa kujibu. "Siti binti Saad," alisema, "na baada yake sijamsikia mwingine." Binti yake, yaani mama wa nyumba, alicheka akasema kwamba mama yake hajapata kumwona Khadija Kopa akishika kipaza sauti. Mjukuu, msichana wa kidato cha pili, akawashangaa wote wawili. Chaguo lake lilikuwa yule msichana wa Afrika Kusini aliyeigiza na kuimba katika Sarafina. Mabishano yakanoga, kila mmoja akimtetea wake. Kisha mjukuu akatamka neno lililokata kicheko: "Nami nimechaguliwa kuimba katika mchezo wa shule. Nitaigiza mama mjane, na nyimbo tatu ni zangu peke yangu."

Pakawa kimya. Baba yake mdogo, ambaye muda wote huo alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha kila jina lilipotajwa, aliweka kikombe chini. Akasema kwamba msichana wa jukwaani ni msichana aliyekwisha kupotea.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kisa. Mtu yule yule aliyezifurahia sauti za wanawake watatu hakutaka ya nne itoke nyumbani mwao. Makala haya yanakusudia kuzipima sauti zile zilizotajwa, na kumwuliza kila mpenzi wa muziki: ingalikuwaje kama jamaa za wanawake hao nao wangaliweka kikombe chini, na neno lao likawa la mwisho?

NINI SAUTI YA JUKWAANI?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Sauti tamu ya redioni na sauti ya jukwaani si kitu kimoja. Mwimbaji wa studio akikosea hurudia ubeti mara kumi, na fundi mitambo akamsaidia kuficha kasoro. Mwimbaji wa jukwaani hupewa nafasi moja tu, mbele ya macho ya watu.

Kazi zake ni tatu. Ya kwanza ni kuyafikisha maneno hadi kwa mtu aliyeketi safu ya nyuma kabisa, maana wimbo wa mchezo hubeba kisa, na neno moja likipotea kisa nacho hupotea. Ya pili ni kuwa mtu mwingine: leo mjane, kesho mke mwenza, keshokutwa malkia. Hadhira ikisikia kilio, imsikie mjane analia, wala si mwimbaji anayejionyesha. Ya tatu ni kupokezana na wenzake, yaani waitikiaji, wapigaji wa ala na waigizaji, asiwameze wala asimezwe. Aliyepata kuhudhuria maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Themi, kule Njiro, anajua jinsi kazi hizo zinavyokuwa ngumu mahali pa wazi, penye upepo na watu wapitao huku na huko.

Wala sanaa hiyo si ngeni kwetu. Katika ngano za bibi zetu msimulizi hufika mahali akaacha kusema, akaimba kwa sauti ya zimwi au ya msichana yatima, na watoto wakaitikia. Katika unyago, somo humfunza mwari kwa wimbo, kwa ngoma na kwa maigizo. Kusema kwamba mchezo wenye nyimbo umeletwa na wageni ni kujisahau.

CHAGUO LA BIBI

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alitembeza vyungu akiuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapigaji kama Subeti Ambar na Mbaruk Effendi Talsam. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, akatia sauti yake katika santuri. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Taarab, ambayo katika kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, aliiimba kwa Kiswahili, ikaingia katika vibaraza vya watu wa kawaida.

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba kundi lake halikuishia katika nyimbo. Lilikuwa pia na natiki, yaani vichekesho vifupi vya kuigiza, vilivyowakejeli wakubwa na wadogo wa mjini. Nyimbo zake nyingi zenyewe zilikuwa visa. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja ugenini, jinsi muuaji alivyoponyoka, na jinsi hukumu ilivyowaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Watu walimsikiliza Siti kama wanavyosikiliza habari, na kama wanavyosikiliza kesi.

Wapinzani walimkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo. Alipofariki Julai 1950 alikuwa amekwisha kuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na lile jina la Mtumwa lilikuwa limesahauliwa. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu katika zama zake, aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Bibi yetu wa Themi hana haja ya kumtetea zaidi ya hapo.

Hata hivyo tumwongezee wawili wa mwambao. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa mwimbaji wa taarab na mpigaji wa ngoma za unyago. Sauti yake nzito, yenye mkwaruzo, isingalishinda katika mashindano ya utamu, lakini ilipotoka hapakuwa na mtu aliyeshughulika na jambo jingine. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili, 2013. Wa pili ni Shakila Saidi, sauti iliyoipa Tanga sifa kupitia vikundi vya Black Star na Lucky Star, na baadaye JKT Taarab. Shakila, aliyefariki Agosti 2016, hakuhitaji kuruka wala kupiga kelele. Alisimama mahali pamoja, na uso wake ukaigiza maneno yote.

CHAGUO LA MAMA

Mama wa nyumba alikulia katika miaka ya 1990, na kwa hiyo masikio yake yalilelewa na vikundi vya sanaa. Baada ya Uhuru taifa lilikwisha kujenga msingi wa mambo hayo. Palikuwapo vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vyuoni, akina mama wasomi kama Penina Muhando na Amandina Lihamba waliandika tamthilia ambamo nyimbo na masimulizi havikuwa mapambo, bali uti wa mgongo. Katika Nguzo Mama, mchezo wa Penina Muhando uliochapishwa mwaka 1982, mwanamke msimulizi ndiye anayetuongoza kuwatazama wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo yao.

Mjini Dar es Salaam vikundi kama Muungano Cultural Troupe vilitoa katika jioni moja ngoma, sarakasi, kwaya, vichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab. Mwaka 1992 likazaliwa kundi la Tanzania One Theatre, lililojulikana kama TOT, likiongozwa na Kapteni John Komba na likihusishwa na Chama Cha Mapinduzi. Ushindani wa makundi hayo mawili ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Katikati ya ushindani huo walisimama wanawake wawili, Khadija Kopa na Nasma Khamis, wakijibizana kwa nyimbo za mipasho.

Khadija Kopa alianzia Culture Musical Club ya Unguja kabla ya kuvuka bahari. Sauti yake ni pana, yenye mamlaka, na matamshi yake hayaachi shaka hata kwa msikilizaji wa mbali. Lakini nguvu yake kubwa ni uigizaji. Huinua bega, huzungusha jicho, hunyamaza kidogo kabla ya neno kali, na kila mwanamke ukumbini hudhani kwamba neno lile limetumwa kwa jirani yake. Akina mama huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza, wakipita kwa madaha, na kwa kufanya hivyo wao wenyewe wanaingia katika mchezo.

Wapo waliolaumu mipasho kwamba imeshusha ushairi wa taarab kutoka katika mafumbo hadi katika matusi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, kwani mzazi hapendi mtoto wake ajifunze kusutana. Lakini tukumbuke kwamba hata zama za Siti palikuwa na kejeli. Kwa hiyo kosa, likiwapo, tulitafute katika maneno aliyopewa mwimbaji. Jukwaa halina hatia, na uke wa mwimbaji hauna hatia.

CHAGUO LA MJUKUU

Tutoke sasa nchini mwetu, maana mjukuu ametupeleka mbali. Sarafina, mchezo wa Mbongeni Ngema, ulifunguliwa mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg. Unasimulia habari za wanafunzi wa Soweto katika siku za ubaguzi wa rangi, na aliyeimba jina la mchezo ni Leleti Khumalo, msichana asiyetimiza bado miaka ishirini. Mwaka huo huo mchezo ulifika New York, na mwaka 1992 ukatengenezwa filamu.

Kisa kile hakiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao, na baadhi yao walipata masomo hapa Tanzania, katika shule ya chama cha ANC iliyojengwa Mazimbu, Morogoro, na kupewa jina la Solomon Mahlangu. Msichana wa Themi anapoimba nyimbo za Sarafina anaimba habari za watoto waliopata kula ugali wetu.

Katika filamu ile, mama yake Sarafina ni Miriam Makeba. Bila shaka bibi na mama wa Themi wanamjua. Wengi humkumbuka Makeba kwa santuri zake, wakasahau kwamba mwaka 1959 aliimba katika King Kong, mchezo mkubwa wa nyimbo uliowakusanya wasanii Waafrika wa Johannesburg. Alipoondoka nchini mwaka huo hakurudi kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa kuwa serikali ya makaburu ilimfungia mlango. Serikali yenye majeshi na magereza iliogopa koo la mwanamke mmoja.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao. Mwaka 1982 Ngugi wa Thiong'o na wanakijiji wa Kamiriithu walitayarisha mchezo wa nyimbo ulioitwa Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie. Ulisimulia maisha ya wafanyakazi katika siku za ukoloni na kipande, kwa nyimbo za lugha nyingi za Kenya. Walinyimwa kibali cha kuuonyesha katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi. Maelfu ya watu wakaenda kutazama mazoezi tu, katika Chuo Kikuu, mpaka mazoezi nayo yakapigwa marufuku. Jumba la michezo la Kamiriithu likabomolewa. Mama aliombwa aimbe, kisha mlango ukafungwa asisikike.

KWA NINI TUNAOGOPA?

Turudi Themi, kwa baba mdogo aliyeweka kikombe chini. Yatupasa tumtendee haki. Hofu yake haikuzuka hewani. Yeye ameona maonyesho yakimalizika usiku wa manane, katika kumbi za pombe. Amesikia habari za viongozi wa vikundi wasiowalipa wasichana, na za wanaume wanaodhani kwamba noti ya kumtunza mwimbaji imemnunua mwimbaji mwenyewe. Ameona waimbaji waliotajirisha wengine wakazeeka bila paa. Hayo yapo, na mwandishi anayeyaficha hamsaidii mzazi.

Lakini tukiyatazama vizuri, hakuna hata moja lililo kosa la sauti. Saa mbaya hurekebishwa kwa kupanga saa nzuri. Mahali pabaya hurekebishwa kwa kuchagua mahali pazuri. Dhuluma ya malipo hurekebishwa kwa mkataba ulioandikwa na kusomwa na mzazi kabla ya kutiwa sahihi. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomtambua si mtunzi tu bali pia mtu anayeimba na kuigiza. Siti na wenzake wa zama zile hawakuwa na ngao ya namna hiyo. Binti zetu wanayo, ila wengi hawajaambiwa.

Jambo jingine ambalo familia inaweza kulifanya ni kuilinda sauti yenyewe. Ndani ya koo mna nyuzi mbili za nyama laini ambazo hutetema mamia ya mara kwa sekunde moja mwimbaji anapoimba. Nyuzi hizo huchoka na huumia. Mfano mashuhuri ni Julie Andrews wa Uingereza, aliyetamba katika My Fair Lady tangu mwaka 1956. Baada ya kupasuliwa koo mwaka 1997, sauti yake ya kuimba haikurudi tena. Basi binti anywe maji ya kutosha, apashe sauti moto kwa nyimbo nyepesi kabla ya nyimbo nzito, na ajifunze kusukuma pumzi kutoka chini ya mbavu badala ya kukaza koo. Asipige kelele uwanjani siku ya mchezo. Baridi ya Arusha ya miezi ya Juni na Julai huleta mafua, na mwenye mafua apumzike, asilazimishe. Na sauti ikikwaruza kwa muda wa wiki tatu bila kupona, aende kwa daktari.

JINA LA UWANJA

Kabla sijamaliza, nikuombe ukumbuke uwanja mmoja wa jiji la Arusha. Unaitwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wengi wanaoingia humo kutazama mpira hawajui kwamba Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa mshairi, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1954 kilichofundisha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili, kabla ya kuwa Meya wa Dar es Salaam na Waziri. Alifariki mwaka 1964, na mji huu ukamtukuza. Naam, Arusha ni mji uliokwisha kukubali kwamba mtu wa vina na mizani anastahili jina lake liandikwe juu ya lango. Ikiwa mtungaji wa maneno amepewa heshima hiyo, yule anayeyapa maneno pumzi tumpe nini? Tusianze kwa kumwita aliyepotea.

Nyumbani kule Themi, bibi ndiye aliyevunja kimya. Hakumgombeza mtu. Alimwuliza tu baba mdogo: "Mwanangu, Siti alikuwa binti wa nani?" Kisha mama akauliza maswali ambayo kila mzazi anapaswa kuyauliza. Mazoezi yanaanza saa ngapi na kumalizika saa ngapi? Mwalimu gani anasimamia? Nani atamrudisha nyumbani? Majibu yalipatikana, na mjukuu akaruhusiwa.

Siku ya mchezo kipaza sauti cha shule kilizimika katika wimbo wa pili. Msichana hakusita. Alivuta pumzi, akageuza uso kuelekea watu wa nyuma, akaendelea kuimba kilio cha mjane. Baba mdogo, ambaye alikuwa amesema kwamba hatakuja, alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilipomwuliza baadaye kama maneno yalimfikia, alijibu kwamba hakukosa hata neno moja.

Nawe, ndugu msomaji, leo jioni mnapokunywa chai ulizaneni nyumbani ni sauti ya nani mnayoipenda kuliko zote. Mkikwisha kubishana, tazameni kama hamna binti humo ndani ambaye amekaa kimya akingoja kuulizwa.